Macho ya Mgeni Rasmi

Asubuhi ya msafara, kazi ya kwanza ilikuwa kuwafungua mbuzi. Kiwanja cha zahanati ya Mwibuga, mbele kidogo ya Mugeta, kina majani mazuri, na siku za kawaida watu hufunga mbuzi wao pale bila wasiwasi. Lakini wageni wakitangazwa mbuzi lazima watolewe mapema, kwa sababu zahanati hutokea ghafla na haichagui nani amebaki ndani. Mwaka wa uzinduzi beberu wa Mhoja alikutwa chumba cha sindano akitafuna jani la mpera. Wageni walipoondoka, zahanati ilikwenda naye. Alirudi nayo msafara uliofuata, kiangazi kizima kikiwa kimepita, akiwa bado anatafuna jani lile lile, wala hakukonda. Mhoja alimvuta kwa kamba, akaenda zake.

Jengo lenyewe ni zuri, hakuna anayelisema vibaya. Lina kuta nyeupe, bati la bluu, tangi la maji na mapazia yanayopepea. Kasoro yake ni moja tu: huwepo pale tu linapotazamwa na mgeni rasmi. Mgeni rasmi akishuka kwenye gari na kuinua macho, zahanati ipo. Akigeuza shingo kumsikiliza mtu wa itifaki, kona moja inaanza kufifia, ndiyo maana wapambe wamejifunza kusimama upande wa jengo ili asipate sababu ya kugeuka. Akipanda gari na kufunga mlango, panabaki majani na mavi ya mbuzi. Wanakijiji wakitazama, hata wakitazama wote kwa pamoja mpaka machozi yawatoke, hakuna kinachotokea. Mgonjwa aliyefika na homa yake hukaa kwenye majani, husubiri kwa adabu, kisha hurudi nyumbani, kama ana nguvu za kurudi.

Watu wa Mwibuga hawakulishangaa jambo hilo. Kisima chao nacho hutoa maji siku za sherehe. Walichofanya ni kujaribu kutengeneza mgeni rasmi wao wenyewe. Walimchukua Stanslaus, karani mstaafu wa ginneri ya pamba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na suti. Wakamvisha shada, wakamkalisha kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cha maua, wakamwekea chupa ya maji mezani. Stanslaus akakohoa, akatazama. Kilichotokea ni kibao cha uzinduzi peke yake, kimefunikwa kipazia chake, pamoja na harufu ya rangi mbichi. Akasema ili aendelee atahitaji kuku. Alipewa kuku, na kibao kikabaki kibao. Mpaka leo anataka aitwe mheshimiwa, na wapo wapumbavu wanaomwita.

Mambo yangeishia hapo, kwenye kicheko, kama uchungu wa Yunis usingeanza siku ya msafara.

Yunis, binti wa mzee Wanzagi wa Butiama, ni mke wa Mwandu, mfugaji mwenye shamba la pamba upande wa mtoni. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Nyamburi, mama yake Mwandu, ambaye nusu ya kijiji imepita mikononi mwake, alimpapasa tumbo, akanawa mikono.

"Mtoto ametanguliza miguu," alisema. "Huyu mimi simgusi. Anataka nesi na kitanda cha chuma."

Hospitali ya Bunda ni mbali, na pikipiki haibebi mtu wa namna hiyo. Magari ya msafara yalikuwa mengi, yenye viti vya vitambaa safi, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Lakini nesi alikuwepo. Siku za msafara nesi Stellah huazimwa kutoka mjini, huja na gari la wapambe, husimama mlangoni akiwa amevaa nyeupe, na msafara ukiondoka huondoka nao. Tena mgeni rasmi wa siku hiyo alisifika kwa hotuba ndefu. Mwandu alipiga hesabu zake, akamwona mkewe anavyopinda kwa maumivu, akakata shauri. Alipokuwa anamkabidhi mlangoni alimwomba Mungu amwongezee mheshimiwa maneno, ombi ambalo bila shaka lilifika mbinguni kwa mara ya kwanza kutoka Tanzania.

Mheshimiwa alifika kwenye "ndugu zangu" ya pili. Wingu jeusi likapanda upande wa ziwa, na udongo wa kule ni wa mbuga, ukilowa haumwachii mtu gari lake. Mtu wa itifaki akanong'ona. Mheshimiwa akasema mengine watayasoma, akashuka jukwaani. Honi ikalia. Stellah, akiwa ameshavaa glavu, akamwambia Yunis, "Usisukume kwanza, narudi," akatoka mbio huku anazivua. Mlango wa gari ukafungwa.

Mvua ilinyesha kwenye majani. Mwandu alikuwa amesimama pale ulipokuwa mlango na beseni la maji ya moto mikononi, na maji yakawa yanaongezeka. Alilia, kwa sauti, mbele ya mama yake, jambo ambalo mwanamume wa kwao hafanyi, na Nyamburi hakumkemea. Alimwacha amalize.

"Yule beberu alirudi anatafuna," alimwambia. "Na huyu atarudi anasukuma. Hasikii njaa, hachoki. Tunachotaka ni macho tu, mwanangu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Msafara mwingine ulipokuja, pamba ikiwa imeshavunwa na kuuzwa, zahanati ilisimama mahali pake na Yunis alikuwa kitandani, jasho lile lile usoni. Stellah aliingia mbio.

"Mbona umebadilisha viatu?" Yunis alimuuliza, kisha uchungu ukamkamata.

Siku hiyo mgeni alikagua jengo kwa muda wa kunywa soda. Ukapatikana mguu mmoja. Msafara uliofuata, mguu wa pili. Stellah alipoombwa wamtoe mama nje na kumalizia nyumbani kwa Nyamburi, alikataa, na Nyamburi akamuunga mkono. Mtoto aliyefika nusu hahamishwi kitanda. Honi ikilia, Stellah alitoka mbio, kwa sababu gari lilikuwa ndilo gari lake na kazi ndiyo kazi yake, na baadaye Mwandu akawa hamlaumu tena, alikuwa anamchukia kimyakimya tu.

Alichobakiwa nacho Mwandu ni ng'ombe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, naye aliamua kulichukua neno hilo kama lilivyo. Kila msafara ukitangazwa alichinja, ili wageni wakae. Na walikaa! Sifa za nyama ya Mwibuga zilivuma mpaka ofisi za mbali, na watu ambao hawakuwa na shughuli yoyote na afya walianza kuja kukagua zahanati. Lakini kwa mila za kule mgeni hapewi chakula nje kwenye jua kama mtu aliyekuja kuomba. Huingizwa ndani, hunawishwa, hukalishwa mahali pa heshima. Wageni walikuwa wakiingizwa kwenye ukumbi wa kanisa, ambao madirisha yake yanatazama upande mwingine kabisa. Nyama ilipofika mezani, zahanati iliondoka. Mwandu alimaliza madume yake yote mazuri kabla hajakubali kwamba ni nyama yake mwenyewe inayofumba macho ya wageni.

Alipowaomba wazee meza iwekwe nje, wakabishana naye kwa misimu miwili. Walisema afadhali zahanati isiwepo kuliko Mwibuga ijulikane kuwa inalisha wakubwa juani. Mwishowe wakakubali turubai. Meza ikawekwa mbele ya jengo, viti vikaelekezwa kwenye dirisha la chumba cha uzazi, na Mwandu akapeleka mbavu. Ikaonekana kwamba mtu mwenye ubavu wa ng'ombe mkononi hatazami kitu kingine. Safari hiyo ukapatikana mgongo, kati ya tonge na tonge. Msimu uliofuata Mwandu hakuchinja, na wageni hawakuja kabisa. Akarudi kuchinja.

Kaka yake Yunis, Gibson Wanzagi, anafundisha fizikia kwenye shule moja ya sekondari Mwisenge, Musoma. Alikuja mwisho wa wiki, akasimama kwenye majani mahali ambapo pangekuwa na kitanda cha dada yake, akavua miwani, akaifuta.

"Shemeji, hii kitu inajulikanaga," alisema. "Inaitwa fizikia ya kwantamu. Kule chini kabisa, kwenye vitu vidogo, elektroni haina mahali mpaka ipimwe. Ukiiwekea matundu mawili inapita yote mawili. Ukichungulia, unaikuta imepita tundu moja."

"Na nani anachunguliaga?"

"Kitabu kinasema mpimaji."

"Mpimaji ndiyo nani?"

"Hapo kitabu hakisemi."

Mwandu alitafakari. "Hiyo elektroni inajua huyu mheshimiwa, huyu mkulima?"

"Hapana," Gibson alisema. "Elektroni hata ukiipima na kipande cha bati inakubali. Haijawahi kuuliza cheo cha mtu."

"Basi ina akili kuliko zahanati."

Gibson alikuwa mtu wa kuamini watu waliosoma kumzidi, udhaifu wa walimu wengi. Akawaandikia wataalamu, nao wakafurahi mno. Iliandaliwa semina kwenye hoteli moja ya Musoma, kando ya ziwa, kuhusu zahanati ya Mwibuga na tafsiri zake. Mwandu alialikwa aje kutoa ushuhuda. Alivaa koti, akapewa kiti cha nyuma, karibu na birika la chai.

Profesa Kasmiri alifungua. Alisema kuuliza Yunis yuko wapi wakati hatazamwi na mgeni rasmi si swali la kisayansi. Sayansi hutuambia tu ataonekanaje akitazamwa, na anayetaka zaidi ya hapo ana njaa ya mambo yasiyokuwepo. Dokta Gloria alimpinga vikali. Kwa hesabu zake, kila mheshimiwa anapopanda gari dunia hugawanyika, na katika mojawapo ya dunia hizo mheshimiwa hakuondoka, mtoto alizaliwa salama, na sasa anakaribia kuanza shule.

"Hongera sana, baba," alimwambia Mwandu, na ukumbi ukapiga makofi.

Mwandu aliuliza njia ya kwenda huko. Akaambiwa kwa upole kwamba dunia hizo hazina mawasiliano.

Mtaalamu wa tatu, mwenye tai, alisema hakuna kinachogawanyika: zahanati ipo wakati wote, inaongozwa na kitu kilichofichika. Alipoulizwa kitu gani, alisema kimefichika, akaketi ameridhika. Kijana mmoja mwembamba akasema kwamba zahanati si jengo hata kidogo, ni imani iliyomo kichwani mwa mgeni rasmi, na imani hiyo hubadilika akipata taarifa mpya. Huyu alikuwa karibu na ukweli kuliko wote, ila hakujua, na waliomsikiliza hawakujua pia.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Lilikuwa jambo la kuchefua, watu wazima wanne wakigombea mahali alipo mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kwenda kumtoa. Mwandu akasimama.

"Mimi nilikuwa na swali moja," alisema. "Haya macho yangu yana ubovu gani?"

Vijiko vikatulia.

"Swali zuri sana," Profesa Kasmiri alisema. "Hilo ndilo tunaliita tatizo la upimaji. Lina kama miaka mia. Tuwe na subira."

"Mke wangu ana uchungu, Profesa."

"Ndiyo maana nasema ni swali zuri."

Gibson naye akainuka. Akauliza kama Yunis mwenyewe, aliyemo ndani na mwenye macho mawili, hawezi kuhesabiwa kuwa anatazama. Akajibiwa kwamba kinachopimwa hakijipimi. Akauliza tena, kwa unyenyekevu, kama Profesa angekubali kuja Mwibuga kama mgeni rasmi, akae kwenye kiti, atazame tu mpaka dada yake amalize. Profesa akasema angependa sana, lakini yeye ni mtu wa nadharia. Wakala sato wa kukaanga, wakapiga picha ya pamoja, wakaazimia ifanyike semina nyingine. Mwandu na Gibson walitembea hadi stendi, na Gibson hakuwahi kutaja tena neno elektroni mbele ya shemeji yake.

Misafara iliendelea, na mtoto aliendelea kufika kidogo kidogo. Nyamburi alizeeka. Gibson akaota mvi. Yunis peke yake hakuongezeka hata siku, na kila alipotokea alikuwa akimwita Mwandu kwa sauti ile ile, akishangaa mume wake anavyokonda ghafla. Mwandu alikuwa akisimama dirishani, kwa kuwa mila haimruhusu kuingia, akimwambia, "Niko hapa, mama. Vumilia kidogo." Alimpenda, na kila mara alipomwona alimpenda zaidi, na hilo ndilo lililomchosha kuliko kuchinja.

Ilipofika zamu ya mkubwa kuliko wote waliowahi kuja, mikono ya mtoto ilikuwa imeshatoka. Kilibaki kichwa. Stellah alimwambia Mwandu kwamba ni dakika chache tu, akipata dakika chache zenye mfululizo wanamaliza. Mwandu akamchinja ng'ombe wake wa mwisho, aliyekuwa wa maziwa. Turubai likafungwa, kwaya ikapangwa. Gari la wapambe lilitangulia kama kawaida, na Stellah akashuka, akasimama kwenye majani mahali ambapo mlango ungekuwa, glavu tayari mikononi.

Mkubwa alikuwa anawahi kwingine. Gari lake halikusimama, lilipunguza mwendo tu, na kioo kikashuka. Zahanati ikawepo, nyeupe, mapazia yakipepea. Stellah aliingia mbio. Kwaya ikaanza. Msafara ukatambaa barabarani taratibu, na Mwandu akawa anatembea kando ya gari kubwa, mkono kwenye mlango, kofia kwenye mkono mwingine.

Honi ikalia kumwita Stellah. Safari hii hakutoka.

"Mheshimiwa," Mwandu alisema, "naomba utazame kidogo tena. Usigeuke. Dakika moja tu, baba."

Mkubwa alikuwa mtu mwungwana, wote wanasema hivyo. Alitabasamu.

"Nimeshaona, mzee," alisema. "Kazi nzuri sana."

Kutoka ndani ya zahanati kikasikika kilio cha mtoto mchanga, kikali, chenye hasira, kikipanda. Kioo kikapanda nacho. Sauti ilikatika katikati, na kwaya ikajikuta inaimba mbele ya majani. Watu wakapiga makofi, kwa sababu walikuwa wamefundishwa kupiga makofi kioo kikipanda. Nyamburi tu ndiye aliyebaki amesimama, sikio ameligeuzia kiwanjani. Alisema ni msichana. Walipomuuliza mtoto aitwe nani, alisema jina hupewa mtu aliyefika.

Stellah alikwenda na jengo. Baada ya muda alitangazwa kuwa mtoro kazini, na nafasi yake akapewa mwingine.

Sasa kilichohitajika kilikuwa kidogo sana. Mtazamo mmoja, urefu wa watu watatu kuvuka chumba na kushuka ngazi. Mwandu alikaa misimu miwili akisubiri msafara, na msafara haukuja. Hakuwa na ng'ombe tena, akadhani ni kwa sababu hiyo. Akauza shamba la mtoni, akanunua dume, akamnenepesha. Bado hawakuja. Hapo akavaa koti lake, akapanda pikipiki mpaka kwenye ofisi moja mjini, ambako kijana wa mapokezi, jina lake Brian, alimkaribisha vizuri na kumpa kiti.

Brian alibofya kompyuta yake. "Mwibuga, Mwibuga. Hii imeshakabidhiwa, mzee. Imekamilika."

"Nataka waje waitazame tena. Hata mara moja."

"Iliyoisha haitembelewagi. Wageni wanaendaga kwenye miradi ambayo haijaisha." Akabofya tena, akatabasamu kwa furaha ya kweli. "Tena huku inaonekana mlishazaa! Mtoto wa kwanza kuzaliwa zahanati ya Mwibuga. Kumbe ndiyo wewe? Hongera, mzee wangu."

"Mtoto wangu hajamaliza kulia," Mwandu alisema.

Brian alimtazama kwa huruma. Alikuwa kijana mwema, na macho yake, kama ya Mwandu, hayakuwa na uwezo wa kusimamisha hata ukuta. Nyuma yake mlango mkubwa ulifunguliwa na sauti za watu waliokula vizuri zikatoka.

"Sogea kidogo, mzee," Brian alinong'ona. "Wageni wanapita."

Mwandu hakusogea. Alisimama katikati ya njia, kofia mkononi, akainua uso wake wazi ili aonekane. Mgeni aliyetangulia alimpa mkono, akautikisa kwa nguvu, macho yakiwa kwenye simu, akampita, akapanda gari.